Mmefunga Huko Nyuma?

Mimi ni mtu wa sauti. Kabla sijastaafu nilisoma taarifa ya habari redioni, asubuhi na usiku, na hakuna habari iliyowahi kunikwama kooni. Nimetangaza mafuriko. Nimetangaza matokeo ya uchaguzi huku watu wakirushiana viti nje ya studio. Siku moja nilitangaza kifo cha mtu aliyekuwa hai, akapiga simu mwenyewe kulalamika, nikamwomba radhi hewani bila kutetemeka. Lakini asubuhi ile nilikaa kiti cha nyuma cha gari la binti yangu nikiwa na habari moja tu ya kutangaza, tena ya maneno mawili, na nilikuwa nimeufyata kama mtoto aliyevunja sahani.

Maneno yenyewe ni haya: nimefunga ndoa.

Nilikuwa nimefunga Ijumaa iliyopita, ofisini kwa msajili, na mke wangu alikuwa amekaa hapo hapo ubavuni kwangu, mkoba wake wa mikasi na sindano mapajani, akitazama nje ya dirisha kama mtu aliyepewa lifti. Na kwa jinsi binti yangu alivyojua, ndivyo alivyokuwa: fundi cherehani wa mtaa wa pili, anayekwenda kununua vitambaa vya jumla. Uongo huo niliutunga mimi. Ulikuwa uongo mzuri, hauna uzi unaoning'inia, na mke wangu aliuchukia tangu alipousikia.

Tulijuana kwa sababu ya gari hilo hilo. Binti yangu aliagiza kava za viti, akanituma nikazichukue. Nilikwenda, hazijaisha. Nikaenda tena, zimeisha, lakini nikaona aibu kuondoka upesi hivyo, nikasema naona kona moja imelegea, ikazwe kidogo. Kona haikulegea. Fundi aliniangalia, akaiangalia kona, akaikaza. Kesho yake nikapeleka suruali isiyo na shida yoyote. Kufikia mwisho wa mwezi nguo zangu zote zilikuwa zimenibana na mimi mwenyewe nilikuwa sina hali.

Binti yangu ni mtoto wangu wa kwanza na ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake wanamwita Breki, mwanzoni kwa kumsengenya, sasa hata usoni pake, naye anaitika. Gari lake la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake haukai mbali na breki hiyo hata akilala. Tangu mama yake afariki, mguu huo ameuweka na kwangu. Ananipangia chumvi, ananipangia viatu, ananipangia saa ya kulala. Nampenda mno binti huyu. Namwogopa pia, na sioni haya kusema.

Sikuogopa makelele yake, makelele nimeyazoea. Niliogopa kimya chake. Siku tuliyomzika mama yake alinishika mkono akasema, "Baba, sasa tumebaki mimi na wewe na mdogo wangu." Nikamwitikia. Na sasa nilikuwa nimeongeza mtu kwenye hesabu hiyo bila kumwuliza, na kila nilipofikiri kumwambia, nilimwona akinyamaza vile alivyonyamaza wiki ile, anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa.

Mke wangu hakuwa na muda wa hofu zangu. Asubuhi tulipomsubiri Breki apakie mizigo ya mwisho, aliniambia kwa sauti ya chini:

"Mtangazaji, sikia. Mimi siingii nyumba ya mwanao kama abiria wa lifti. Nitambeba mjukuu wako nikiwa nani? Tukifika mlangoni hujasema, nageuza na basi la kwanza. Na ukirudi utanikuta kwangu, si kwako."

"Nitasema, mke wangu."

"Utasema lini?"

"Njiani."

"Njia ina mwisho," akasema, akaingia garini.

Tulikuwa tunakwenda kwa mwanangu wa mwisho, ambaye mkewe alikuwa amejifungua, na safari ilikuwa ya kupita majimbo matatu. Kiti cha mbele hakikai mtu asiyejua ile breki ya pili. Breki hana mchezo na jambo hilo. Kwa hiyo pale mbele lilikaa beseni la kuogea mtoto, la plastiki, limejaa nepi na vinguo na sabuni, nalo limefungwa mkanda barabara, limenyooka kama waziri. Sisi wawili nyuma tulikuwa huru kama mizigo.

"Kwetu sheria inataka mkanda kiti cha mbele tu," Breki akaanza kabla hata hatujafika kwenye lami. Yeye akishika usukani hawezi kukaa bila kufundisha. "Nyuma ni hiari. Na watu wetu mnavyowajua, ukiwaambia kitu ni hiari, basi hakipo."

"Kweli kabisa, mwalimu," mke wangu akasema.

"Hata huo wa mbele wanaufanyia maigizo. Angalieni pale kwenye mzunguko."

Tukaangalia. Askari alikuwa amesimama kwenye kivuli cha bango, na kila gari lililomkaribia, dereva wake aliuvuta mkanda akaupitisha kifuani, akaushikilia kwa mkono bila kuuchomeka, akampita askari na uso wa mtakatifu, kisha akauachia. Askari aliwaona wote. Wao walijua kwamba anawaona. Mambo yakaenda vizuri.

"Ninao mwanafunzi," Breki akasema, "alikuja darasani na shati jeupe limeshonewa kitambaa cheusi kutoka begani mpaka kiunoni. Anasema ni mkanda wa kudumu. Nilimfukuza. Natamani nimjue na fundi aliyemshonea."

Mke wangu akakohoa. Nikamtazama. Alikuwa anasoma maandishi ya bango kwa bidii kubwa.

"Ni mimi, mwalimu," akasema.

Breki akamtazama kwenye kioo.

"Ni wewe?"

"Aliniambia ni sare ya bendi. Nimekuja kujua baadaye, shati limeshatoka. Tena nililishona vizuri, ndiyo inayoniuma. Kama ningejua, ningelishona libomoke njiani."

Nikasubiri kile kimya chake. Badala yake mabega ya binti yangu yakaanza kutikisika, kisha akacheka kwa sauti, akapiga usukani kwa kiganja. "Sare ya bendi!" akasema. "Mtu mwenyewe hata mluzi hajui!" Wakacheka wote wawili, na mke wangu akanifinya paja, finyo la kuacha alama. Maana yake niliielewa: mimi nimesema la kwangu na sijafa, sasa ni zamu yako.

Nikakohoa. Nikaiweka sauti mahali pake. "Mwanangu," nikasema, "hivi unaonaje, mtu wa umri wangu..."

"Asiendeshe usiku," Breki akasema. "Macho hayapokei mwanga haraka. Kwa nini, unataka kuendesha?"

"Hapana."

"Basi."

Tukaingia jimbo la kati, na huko sheria ni kichekesho kingine. Huko mkanda ni wa mjini. Ukiwa ndani ya mji mnafunga. Ukipita kibao kinachokutakia safari njema, sheria inaishia hapo hapo kwenye nguzo, na kwenye barabara kuu yenye malori na kona na ng'ombe hamna anayekuuliza kitu. Nilishuhudia kwa macho yangu: magari yanafika kwenye kibao, na madereva kwa pamoja wanajifungua kama watu waliomaliza kula. Lori moja lilitupita, dereva ameanika taulo kwenye mkanda wake, linakauka vizuri.

"Mjini mwendo ni wa kutambaa, ndiko wanakofunga," Breki akasema. "Huku watu wanakimbia kama wamefukuzwa, hawafungi. Nani aliandika hii sheria?"

"Mtu anayeishi mjini," mke wangu akasema.

"Fundi, wewe una akili," Breki akasema, na mimi nikavimba kwa fahari nisiyoweza kuieleza kwa mtu yeyote ndani ya gari lile.

Tulisimama kituo cha mafuta. Mke wangu alishuka kununua maji, kwa makusudi kabisa, akaenda duka la mbali, ili aniachie nafasi. Nikabaki na binti yangu, yeye anakagua upepo wa matairi kwa kuyapiga teke, mimi nimesimama nyuma yake na koti langu la safari.

"Mwanangu, kuna jambo."

"Najua, Baba. Choo kiko kule nyuma, mlango wa bluu. Chukua tishu kwenye beseni, humo hakuna."

Ningefanya nini? Nilichukua tishu, nikaenda. Niliporudi mke wangu alikuwa ameshakaa mahali pake, akaniona na tishu mkononi, akajua. Hakunifinya tena. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alifungua chupa ya maji, akanywa, akaniuliza kwa adabu kama ningependa maji, mzee. Mzee! Ijumaa nzima aliniita mume wangu mpaka msajili akatabasamu.

Kuanzia pale nikasema liwalo na liwe. Nitasema kabla hatujavuka daraja la kuingia jimbo la juu. Nikafumba macho, nikaanza kuipanga ile habari kama nilivyozipanga nyingine zote. Mwanangu, mimi na fundi tumefunga ndoa. Hapana, fupi mno, itamshtua akiwa kwenye usukani. Mwanangu, Ijumaa iliyopita, ofisini kwa msajili, mimi na fundi, kwa hiari yetu, tumefunga ndoa. Nzuri. Ina tarehe, ina mahali. Niliirudia. Tumefunga. Ijumaa iliyopita tumefunga. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Mbele niliisikia sauti ya binti yangu kwa mbali ikieleza kwamba jimbo la juu ni kama kwetu, kiti cha mbele tu, ila askari wao ni wakali. Beseni liko sawa, yeye yuko sawa, hatuna wasiwasi. Magurudumu yakagonga viungo vya daraja. Tumefunga, nikasema moyoni. Ofisini kwa msajili, tumefunga.

Gari likasimama. Nikafumbua macho, na dirishani kwangu, si kwa dereva, kulikuwa na uso. Askari wa kike mnene, mwenye miwani, ameingiza kichwa chote ndani ya gari.

Maisha yangu yote nimekaa viti vya nyuma na hakuna askari aliyewahi kunisemesha. Kwetu abiria wa nyuma ni sawa na tairi la akiba.

"Habari za safari," akasema. Akanitazama mimi, akamtazama mke wangu, akanitazama tena. "Mmefunga huko nyuma?"

Naapa nilidhani amejua. Sijui nilidhani amejuaje, lakini mtu mwenye siri hafikiri. Nilimwona mbele yangu askari wa serikali, ananiuliza swali la serikali, na jibu lilikuwa limeshapangwa ulimini. Nikalitoa. Na nililitoa kwa sauti yangu ya taarifa ya habari, ile ya saa mbili usiku, inayofika hadi kwa majirani.

"Ndiyo, afande. Tumefunga. Ijumaa iliyopita, ofisini kwa msajili, kwa hiari yetu wote wawili."

Askari akapepesa macho.

"Tangu Ijumaa?" akasema. "Na hamjafungua mpaka leo?"

"Tufungue ya nini?" nikasema, nimeudhika kidogo. "Tunapendana."

"Mzee, mimi nauliza mkanda."

Hapo ndipo nilipoteremka kutoka hewani. Nilisikia sauti ya ajabu ubavuni. Alikuwa mke wangu, amejifunika uso kwa mtandio, anacheka mpaka mkoba unaanguka na mikasi inalia sakafuni. Kisha nikatazama kioo cha mbele. Macho ya binti yangu yalikuwa humo, makubwa, hayapepesi.

Akazima injini.

Akanyamaza.

Nyuma yetu kulikuwa na foleni: basi, malori, pikipiki zimejipenyeza pembeni. Basi likapiga honi. Breki hakutikisika. Askari naye, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa ameshaanza kuelewa, akatoa kichwa dirishani taratibu, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

"Ijumaa," Breki akasema mwishowe. "Ijumaa nilikupigia simu, Baba. Ukasema uko kwa kinyozi."

"Nilikuwa kwa kinyozi. Kabla."

"Nani alishuhudia?"

"Jirani yake fundi. Na... walitaka wawili. Na mfagizi wa pale ofisini."

Akageuka, kiti kizima kikalia. Sijawahi kuliona jicho lile tangu alipokuwa mdogo.

"Mfagizi! Mfagizi ameshuhudia ndoa ya baba yangu! Na mimi nilikuwa mtaa wa pili, Baba, mtaa wa pili tu, nimesimama juani nafundisha watu kurudi kinyumenyume!"

Sauti yake ilikatika mwishoni, na mimi nikajua. Nilikuwa nimeogopa kitu ambacho hakikuwepo, na kilichokuwepo sikukiona. Hakukasirika kwa sababu nilioa. Alilia kwa sababu nilioa karibu na mlango wake na sikubisha. Nilitaka kumwambia hivyo, na sauti yangu yote, ile ya mafuriko na uchaguzi, ikaniruka.

"Samahani, mwalimu," askari akasema kwa upole, maana alikuwa ameliona bango la shule ya udereva ubavuni mwa gari. "Mambo ya familia ni yenu. Lakini sheria mpya huku, tangu mwanzo wa mwezi huu, ni viti vyote. Nyuma na mbele. Gari haliondoki mpaka niione mikanda."

"Sheria gani mpya?" Breki akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa ndoa yangu. "Huku ni mbele tu."

"Ilikuwa mbele tu."

Mwalimu wa udereva akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono kati ya viti kutafuta mikanda. Mkono ukagonga kitambaa. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Kitambaa, kizuri, kimekazwa, hakina hata pa kupitisha kidole.

"Fundi," akasema, "hizi kava umeshona bila matundu?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama yake wa kambo.

"Hukuniambia matundu, mwalimu. Uliniambia mchanga usipite."

"Mikanda iko chini?"

"Iko chini, mizima. Kwetu nani anaidai? Nimeshonea kava za viti mji mzima, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia acha tundu nyuma."

Na kweli, Breki mwenyewe alizikagua zile kava na kuzisifu. Mke wangu akaokota mkoba wake, akatoa kile kisu chake kidogo cha kufumulia nyuzi, akapiga magoti kwenye kiti. Mimi nikashushwa, nikasimama kando ya barabara na askari. Binti yangu akapiga magoti upande wa pili, akakivuta kitambaa kikaze, na mke wangu akaanza kuzikata nyuzi zake mwenyewe, moja baada ya moja, bila kuharakisha.

"Mimi nilitaka akuambie kwanza," nilimsikia akisema. "Huyu baba yako ndiye muoga."

"Namjua."

"Mama yako nilimshonea, unajua? Gauni lile la kijani."

Mikono ya binti yangu ikasimama. "Lile la kijani ni wewe?"

"Alitaka mfuko kwa ndani, hapa ubavuni. Nikamwuliza wa nini. Akasema wa peremende, baba yako asizione."

"Peremende!" Nikasahau kwamba nimesimama na askari. "Daktari alimkataza sukari! Miaka yote ile nilikuwa namsikia akitafuna, ananiambia ni jino!"

Mle ndani ya gari wakaangua kicheko. Binti yangu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, amelaza paji la uso kwenye kiti, na mke wangu amemwekea mkono mgongoni, mkono wenye kisu, ameuelekeza mbali. Sijui ni nini walichosemezana hapo, kilisemwa chini sana na sikuulizwa. Niliona tu Breki akitikisa kichwa, kisha akijifuta uso kwa kona ya kava.

Kondakta wa basi akaja kwa hasira. "Afande, vipi? Kuna ajali?"

"Kuna ndoa," askari akasema.

"Ya nani?"

Askari akanionyesha kwa kidevu. Kondakta akanipima kutoka kichwani mpaka viatuni, akarudi mbio kwenye basi, na mimi nikaisikia habari yangu ikishuka na ile foleni, gari kwa gari, kuna mzee kaoa, kuna mzee kaoa, anafukuliwa mkanda. Honi zikaanza upya, lakini sasa zilikuwa na mdundo. Dereva wa lori akatoa mkono dirishani akanipungia. Katika maisha yangu ya utangazaji habari haijawahi kufika haraka hivyo.

"Mzee," askari akasema, "hiyo sauti yako naijua. Si wewe uliyekuwa ukisoma habari? Ukianza tu, mama yangu anatunyamazisha nyumba nzima. Tulikuchukia sana."

Nilimshukuru.

Mikanda ikatoka. Ilikuwa mipya kabisa, haijawahi kugusa kifua cha mtu, na pamoja nayo zikatoka kalamu, hereni moja ya Breki iliyosababisha ugomvi mkubwa mwaka mzima, na soksi isiyojulikana. Tukaingia, tukakaa, tukavuta, tukachomeka. Tukakaa wima kama lile beseni.

"Vizuri," askari akasema. "Mnaweza kwenda."

"Bado," Breki akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, macho mekundu, na kule kona ya mdomo nikaona kitu nilichokuwa sijakiona tangu mama yake alipokuwa hai: utundu.

"Fungueni," akasema.

"Tumefunga sasa hivi!"

"Nimesema fungueni. Mtafunga upya, mbele yangu. Ile ya kwanza mlimwita mfagizi, sasa mimi hii sikosi. Afande, wewe utakuwa shahidi wa pili, una dakika?"

"Ninayo," askari akasema, akaweka kofia yake sawa. Kondakta naye akarudi, akajisogeza.

Tukafungua. Mikanda ikarudi mahali pake kwa mlio.

"Baba," Breki akasema kwa sauti ya mtihani, "unafunga kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Hujalazimishwa wala kuogopeshwa?"

"Nimeogopa sana, mwanangu. Lakini si yeye niliyemwogopa."

"Najua. Tutaongea." Akajaribu kukunja uso, ikashindikana. "Fundi, na wewe? Unajua unachofunga? Anakoroma. Anasoma magazeti kwa sauti. Anajibu redio."

"Najua yote. Ndiyo maana nimeleta pamba za masikio."

"Haya. Fungeni."

Tukafunga. Kachu, kachu. Breki akainama akaukamata mkanda wangu begani, akauvuta mara mbili kuona kama umeshika, kama anavyowafanyia wanafunzi wake siku ya kwanza. Akazunguka gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akaukamata wa mke wangu, akauvuta vile vile. Hakuuachia upesi. Alibaki ameinama pale, na mke wangu akampangusa vumbi la kava shavuni, na mimi nikatazama mbele kwa sababu sikutaka askari anione.

Tulipoondoka foleni nzima ilipiga honi. Hapo nilijua kwamba kazi yangu haijaisha, maana alikuwa amebaki mtu mmoja, na huyo asingeambiwa na kondakta. Nikatoa simu. Hakuna aliyenituma. Nikaweka sauti ya juu wote wasikie, na mwanangu wa mwisho alipopokea sikusubiri salamu, wala sikuitafuta ile sauti ya redio.

"Mwanangu," nikasema, "nimeoa."

Upande wa pili kitoto kilikuwa kikilia kwa mbali.

"Baba? Umeoa nani?"

Nikavuta pumzi. Lakini dada yake hakuningoja. Alijibu yeye kutoka mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, akipaza sauti simu isikie vizuri:

"Mama yetu mdogo! Tunaye hapa, anakuja kumbeba mtoto. Mwambie mkeo aongeze sahani."